Jozi Sita za Viatu

11 Februari

Mama mdogo,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, imekunjwa kwa ule ukunjaji wako ambao hata posta hawawezi kuuharibu. Goti la baba mdogo linaendeleaje? Mwambie aache kupanda darini kushindana na paka. Paka ana miguu minne na hana miaka sitini na saba.

Mimi mzima. Nimekonda kidogo, usianze. Ni mafunzo. Tumechaguliwa madaktari watano, kila mmoja na kituo chake, tujifunze zile kazi ndogondogo za kina mama zinazofanyika palepale chumbani kwa daktari, mgonjwa akiwa macho, halafu anavaa nguo zake na kwenda nyumbani: kutia na kutoa kitanzi, kuangalia mlango wa kizazi, kuchukua kipande cha nyama kama punje kikapimwe. Kwa kusoma haziingii, mpaka mkono wenyewe ujifunze. Mkufunzi wetu ni Profesa, mwanamke mfupi asiyecheka. Wiki mbili za kwanza tumefanyia mazoezi kwenye mapapai. Anasema papai likitoboka, umemtoboa mtu. Tumenunua mapapai mengi mpaka muuza matunda wa getini anadhani tuna ugonjwa.

Sasa, lile uliloniandikia kwa mafumbo mwishoni. Nimekuelewa. Damu ikikoma miaka minne kisha ikarudi, mama mdogo, si jambo la kungojea na si jambo la aibu. Mara nyingi huwa ni kitu kidogo, ila lazima kiangaliwe. Njoo Alhamisi, tarehe 6 Machi, saa nne asubuhi, kliniki ya chini upande wa bustani. Profesa mwenyewe atakupima. Ni dakika ishirini, yeye na nesi tu. Mimi siku hiyo nina kazi jengo la pili, lakini mchana tutakula pamoja.

Kama hutaki baba mdogo ajue, mwambie umenimisi. Si uongo pia.

Mwanao

*

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimefika salama, ila basi lilitukalisha njiani kwa saa mbili kwa ajili ya tairi. Goti la baba yako mdogo limepona na paka ameshinda. Sasa mzee amehamia kwenye bomba la jikoni. Ameapa hataita fundi, na sisi tunatembea ndani kwa viatu vya mvua.

Kiwandani tumepata kazi ya kuchapa vitabu vya hesabu vya darasa la nne. Ukurasa wa arobaini una jibu lisilo sahihi. Nimewaambia. Wamenijibu kwamba kazi yangu ni kupanga herufi, si kufanya hesabu. Basi watoto elfu tatu watajua kuwa saba mara nane ni hamsini na nne, na mimi nitakuwa nimenyamaza.

Uliniuliza tukiwa mezani ilikuwaje. Nesi alinipokea vizuri. Aliandika jina na umri wangu, akanionyesha pazia nivue nguo nyuma yake. Nilipokuwa naivua sketi nikaona, chini ya pazia, viatu vinaingia. Vya Profesa nilivijua maana nilishamwona mlangoni. Vikaja vingine. Nilihesabu jozi sita. Nikadhani wanapita kwenda chumba cha pili.

Hawakupita.

Sitaandika mengine leo. Karatasi ni ndogo, na mimi si mtu wa kulalamika, unanijua. Ila kuna jambo moja nataka unijibu, usilizunguke. Alhamisi ile, kati ya saa nne na saa tano, ulikuwa wapi?

Mama yako mdogo

*

8 Aprili

Mama mdogo,

Shikamoo sana. Nisamehe kuchelewa, hapa ni mbio juu ya mbio. Nimecheka kuhusu bomba. Mwambie baba mdogo mkono wa fundi hauazimwi. Na hiyo hesabu ya saba mara nane, mbona unanyamaza? Wewe ulinikalisha njaa mpaka nikaijua!

Niko karibu kumaliza. Kila mmoja wetu anatakiwa awe ameshika wagonjwa kumi kwa mkono wake mwenyewe, Profesa akimwangalia. Nimefikisha tisa, siwezi kuamini. Kule kituoni kwetu hakuna anayeijua kazi hii. Mwaka jana mama mmoja alisafirishwa siku mbili kwa kitu ambacho ningekimaliza kwa robo saa. Nikirudi na cheti, safari kama hizo zitakwisha.

Kuhusu siku ile: hospitali ya kufundishia ndivyo ilivyo, madaktari huingia kuangalia, usijali. Mimi nilikuwa jengo la pili kama nilivyokuandikia. Majibu hayajatoka, maabara wana mrundikano. Nesi aliniambia ulivumilia vizuri, hukupiga kelele hata ile mara ya tatu. Nilijivunia.

Kunywa maji. Damu ikirudi niandikie.

Mwanao

*

29 Aprili

Mwanangu,

Kwetu wote wazima. Bomba limepona. Niliita fundi, baba yako mdogo akiwa msibani.

Nimengoja wiki mbili kabla ya kushika kalamu, ili nisikuandikie kwa hasira. Hasira haijaisha, basi naandika nayo.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa siku ile, maana naona unaijua vipande vipande. Nililazwa juu ya kitanda kile cha kuweka miguu juu. Nikafunikwa shuka la kijani kutoka kifuani mpaka magotini, likasimama kama ukuta. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na watu, na nilichoona ni kofia zao tu. Profesa akasema, "Mama, utasikia baridi, kisha utavutwa kidogo kama maumivu ya mwezi." Sawa. Ikawa baridi, ikawa kuvutwa. Nikajua imekwisha. Nikasikia, "Sasa wewe, daktari." Ikawa baridi tena. Mtu akasema, "Pole, mama." Wa kwanza huyo. Halafu, "Sasa wewe." Wa pili naye akasema pole, mkono unamtetemeka mpaka nikamwonea huruma mimi niliyelala. Wa tatu pole. Nilishika vyuma vya kitanda. Nilikuwa natafuta la kusema silipati, maana nilifikiri labda ndiyo kipimo chenyewe, labda mjinga ni mimi. Mtu akishavua nguo, akili nayo huivua.

Wa nne hakusema neno.

Mwenzako wa tano alisema pole mara mbili, labda alisema na yako. Wa nne alifanya kazi yake kimya, tena vizuri kuliko wote, mwepesi. Nilijiuliza huyu ni bubu au ana roho mbaya?

Walipotoka, nesi akaniambia nikae kidogo kichwa kisizunguke. Pembeni palikuwa na kile kitoroli chao, na juu yake kichupa chenye kipande changu, na karatasi imebandikwa juu yake. Kilielekea upande wa nesi. Mwanangu, nimepanga herufi za risasi za kuchapia, zile zinazokaa kinyume, miaka thelathini na moja. Mimi husoma kichwa chini na kinyumenyume kuliko wewe unavyosoma wima. Niliona jina langu. Niliona ile "g" yako yenye mkia wa mjusi, niliyokupiga kwa ajili yake ulipokuwa na miaka tisa, wiki ya pili tangu dada yangu azikwe nikakuchukua.

Ukaja mchana. Ukanawa mikono pale mgahawani mara mbili. Ukala. Ukaniuliza, "Ilikuwaje, mama mdogo?"

Uliniuliza ilikuwaje.

Nami nikakwambia vizuri tu, nikakusogezea chakula changu kwa sababu umekonda. Nilikuwa najua tayari. Nilikuwa nakupa nafasi. Nikakupa nafasi ya pili kwa barua, ukajibu jengo la pili. Nani aliyekwambia kuhusu mara ya tatu? Nesi wakati huo alikuwa ametoka kwenda kuchukua pamba.

Ungeniambia, "Mama mdogo, tuko watano, tunajifunza, nisaidie." Unadhani ningekataa? Mimi niliyekushikia taa ukimpasua panya wa shule juu ya meza yangu ya kulia chakula?

Mama yako mdogo

*

26 Mei

Mama mdogo,

Shikamoo. Sijui kama naruhusiwa kuuliza habari za nyumbani, basi sitauliza.

Barua yako nimeisoma chooni kazini, mlango nimeufunga, mpaka wakagonga. Yote uliyoandika ni kweli. Wa nne ni mimi.

Sikunyamaza kwa roho mbaya. Nilinyamaza kwa sababu ungeijua sauti yangu.

Ilikuwa hivi. Kila mmoja wetu aliambiwa alete mgonjwa mmoja wa aina yako, mtu anayekihitaji kipimo kile kwa kweli, na aliyekubali kwamba tutamshika zaidi ya mmoja. Wangu wawili walikuwa wamekubali, wakaelezwa vizuri, wakaogopa wakarudi kwao. Wenzangu wote walishapata. Ndipo barua yako ikaja na yale mafumbo. Kipimo ulikihitaji, mama mdogo, hilo sikulitunga. Lakini nilijua nikikueleza utataka kwanza ufikirie, uniulize maswali ishirini, na mimi nilikuwa nimebakiza wiki tatu za kumleta huyo mgonjwa. Nikajiambia atapimwa na bingwa, atapona, hatajua, nani ameumia?

Kuna jingine. Sikutaka kuliandika, nimechana karatasi mbili. Kuna fomu ya ridhaa. Inasema mgonjwa ameelezwa na amekubali kushikwa na madaktari walio mafunzoni. Mlangoni Profesa aliuliza, "Ameridhia?" Nikainua ile fomu. Aliona sahihi, akaingia. Sahihi niliiweka mimi. Nilikuandikia jina.

Na majibu yametoka. Yanasema kipande hakikutosha, hakisomeki. Nadhani tulikuwa wengi mno, na kipande kilichotiwa katika kile kichupa nilichokiandika jina kilikuwa cha yule aliyetetemeka. Lazima urudie. Nakuomba, nichukie lakini urudie. Damu ile haingoji tupatane. Naweza kukupangia hapahapa, kwa Profesa peke yake, mimi nisikanyage.

Mwanao, kama bado unaniita hivyo

*

30 Juni

Mama mdogo,

Shikamoo. Hujajibu, na hii si ya kukudai jibu.

Jana nilimwambia Profesa. Niliingia ofisini kwake nikiwa na ile fomu. Alikuwa anafuta miwani. Nikasema, "Sahihi hii si ya mgonjwa. Ni yangu. Na mgonjwa ni mama aliyenilea."

Alivaa miwani akaisoma ile fomu. Akaniuliza, "Alikuwa hajui kabisa?"

"Hajui."

"Na wewe ulijua kwamba hajui, ukamshika."

"Ndiyo."

Hakupaza sauti. Alisema, "Umenifanya nimvue mtu utu wake kwa mikono yangu, kisha nikawaambia wanafunzi asante." Akanitoa kwenye mafunzo palepale. Cheti sipati, na barua imekwenda kwa mganga mkuu wa kwetu. Nitarudi kituoni nilivyotoka. Mama wa siku mbili ataendelea kusafiri siku mbili. Sikuandikii haya unihurumie. Nimeyaandika ili uyajue kwangu kwanza, usiyasikie kwa mtu.

Aliniomba anwani yako. Nilimwambia siwezi kukutolea tena kitu bila ruhusa yako. Akasema, "Sasa ndiyo umeanza kujifunza, tena umechelewa," akaniamuru nikuulize. Kama huitaki barua yake, niandikie neno moja tu, hapana. Nisiposikia kitu mpaka mwisho wa Julai sitampa.

Mwanao

*

4 Julai

Mpe.

*

19 Oktoba

Mwanangu,

Najua nimekaa kimya muda mrefu. Baba yako mdogo mzima. Ametengeneza redio ya jirani, sasa inashika stesheni moja tu na jirani hatusalimii. Kile kitabu cha hesabu kimetoka. Niliibadilisha ile hamsini na nne usiku kabla hawajachapa, sikumwambia mtu, na wewe usimwambie. Ni dhambi ndogo, lakini wenye kitabu hawakunituma, nami nimekaa nikifikiri jinsi ilivyo rahisi mtu kujipa ruhusa akijiona ana haki.

Barua ya Profesa ilinifikia, ukurasa mmoja. Hakujitetea. Alisema kosa la kuitazama fomu badala ya kunitazama mimi ni lake, na akaniandikia jina la daktari mmoja katika mji wa jirani, "ili usilazimike kuingia tena katika chumba kile." Sikwenda. Nilikaa wiki tatu damu inatoka, nasema bora nife na nguo zangu. Nataka ulijue hilo. Kile ulichonichukulia kilikuwa karibu kunichukua mzimamzima.

Siku moja kazini nikasimama, na kiti kimelowa. Msichana wa kufunga vitabu akavua sweta lake akanifunga kiunoni, akanisindikiza mlangoni. Kesho yake nikaenda.

Yule daktari ni kijana, ana kitambi. Alivuta kiti akakaa, tukawa sawa kwa sawa. Aliniambia kila atakachofanya, kisha akaniuliza, "Nianze?" Nikasema ngoja. Akangoja. Nikasema bado. Akangoja tena, akatazama dirishani. Mwanangu, nililia kwa kule kungoja kwake, na hakuwa amenigusa. Kipimo chenyewe kilikuwa dakika sita.

Ni saratani. Usikae chini, nimeshakaa mimi kwa niaba ya wote. Ilikuwa bado changa, haijatoka nje ya mfuko wa uzazi. Waliutoa mfuko wote tarehe 28 Agosti. Wamesema wameridhika, nirudi kila miezi mitatu. Kidonda kimefunga. Nainua kila kitu isipokuwa ndoo.

Asubuhi ya siku ile daktari alikuja akasema, "Mama, nina wanafunzi wawili. Wangependa kuwemo na kujifunza kwako. Ukikataa, hakuna kitakachobadilika." Moyo ulikuwa unanipiga kama mashine ya kukata karatasi. Nikasema, "Mmoja. Na aje huku mbele nimwone uso." Akaja msichana, mrefu, macho yamemtoka. Akaniambia jina lake. Nikamwuliza kama amekula. Akasema hajala. Nikamwambia, "Nenda ukale kwanza. Hunishiki mimi na njaa." Alikwenda kweli, na daktari akamsubiri.

Sasa wewe. Sikukuita hospitali. Nilipozinduka, baba yako mdogo aliuliza mbona daktari wetu hayupo, nikamjibu kwamba sikumwita. Ameuliza mara tatu tangu siku hiyo. Sijamwambia sababu na sitamwambia. Hiyo ni yako, utampelekea mwenyewe.

Najua ulijishitaki. Najua ulichopoteza, na najua hukulazimishwa na mtu. Nimeliweka mahali pake. Lakini usidhani limefuta lile la kwanza. Jirani aliponiona natembea alisema, "Mshukuru binti yako daktari, kama si yeye usingewahi." Nikatabasamu, maana ni kweli, ukiipindua vya kutosha. Kisha nikaingia ndani nikakaa peke yangu mpaka lile tabasamu likanitoka.

Unataka kujua kama nimekusamehe. Hujauliza, lakini nakusikia. Sijui. Kuna siku naamka ni mwanangu. Kuna siku nakumbuka ule ukimya wa mtu wa nne, na naona kwamba katika wote waliokuwa chumbani aliyenijua alikuwa mmoja, na ndiye pekee aliyenifanya nyama. Wageni walinipa pole.

Ukitaka kuja, njoo mchana. Usiingie moja kwa moja kama zamani. Simama nje, piga hodi, ungoje niseme karibu. Nikichelewa, ngoja. Nikinyamaza, rudi, uje siku nyingine.

Mama yako mdogo